Niliposikia roki ya Injili Silibwet

Liko neno moja ambalo ukilitamka mbele ya wazee wa kanisa, hasa wale wa mashambani, utaona nyuso zikikunjamana kama za watu walioonja ndimu. Neno hilo ni roki. Ukisema rumba, watatabasamu na kukumbuka ujana wao. Ukisema taarabu, watakuambia hiyo ni ya watu wa Pwani. Lakini roki? Hiyo ni ya shetani, na mjadala umefungwa.

Sisi tuliokuwa shule ya msingi miaka ya tisini tunaijua hofu hiyo barabara. Mwaka wa 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Kanisa Katoliki, na kwa miaka kadhaa hakuna mtoto aliyekuwa na amani mbele ya pete ya ajabu, picha ya nyoka au kanda yenye wanaume wa nywele ndefu. Shuleni kwetu tuliambiana kwamba ukiicheza kanda ya roki kinyumenyume utamsikia ibilisi akizungumza. Hakuna aliyekuwa na mtambo wa kuichezea kinyumenyume, lakini sote tuliamini.

Basi wazazi wanaponiuliza, kila likizo ya Desemba inapokaribia, kama ni sawa kuwaruhusu vijana wao waende kwenye tamasha la Injili uwanjani, lile la magita ya umeme na ngoma za kupasua masikio, huwa sishangai. Wala sina fatwa ya kutoa. Hebu niwasimulie tu niliyoyaona Silibwet, Kaunti ya Bomet, mnamo Desemba 2023.

Aliyenialika ni rafiki yangu tuliyesoma naye chuo cha uandishi wa habari. Yeye aliitupa kalamu zamani, sasa ana duka la vitabu Nakuru na pesa kunishinda. Alinipigia simu usiku akasema, “Njoo nyumbani kwetu Jumamosi. Ndugu yangu mdogo na bendi yake wanapiga uwanjani. Wanapiga roki.”

Nikacheka. “Roki ya nani huko kwenye majani chai?”

“Ya Yesu,” akajibu, naye hakucheka.

Kwa wasiopajua, Silibwet ni soko dogo lililo juu kidogo ya mji wa Bomet. Jina lenyewe ni la mti kwa Kikipsigis. Ukitoka Nairobi unapitia Mai Mahiu na Narok, na baada ya ngano na vumbi la Narok, ghafla macho yanapumzika. Milima yote imevaa kijani cha chai kana kwamba mtu aliipiga pasi. Si mbali na hapo iko Hospitali ya Misheni ya Tenwek, iliyoanza kwa zahanati ndogo mwaka wa 1937 na ambayo leo hupokea wagonjwa kutoka kila pembe ya nchi. Nayataja hayo makusudi. Huku Ukristo haukuja jana. Watu wamezaliwa ndani yake, wamezikwa ndani yake, na wana maoni makali kuhusu namna ya kuimba.

Njiani ndipo rafiki yangu aliponifichulia yote. Baba yake ni mzee wa kanisa wa miaka mingi. Ndugu yake, kijana wa miaka ishirini na miwili wakati huo, alikuwa akipiga gita katika kwaya. Mwanzoni lilikuwa gita la kawaida, na hakuna aliyesema neno. Siku alipofika na gita la umeme, pamoja na kile kisanduku cha kukanyagia kwa mguu kinachofanya sauti ikwaruze kama msumeno, wazee waliketi kikao. Wakaamua kwamba chombo hicho kisiingie tena ibadani. Aliyetumwa kumpa kijana habari hizo alikuwa baba yake mwenyewe. Kijana alikunja nyaya zake akatoka, na hakurudi tena kanisani.

Hiyo ilikuwa mwaka mmoja na nusu kabla ya safari yetu. Tangu wakati huo baba na mwana waliishi boma moja kama wapangaji. Asubuhi “Chamgei,” jibu “Chamgei mising,” basi, hadi kesho. Kijana alikula jikoni, Mzee akala sebuleni, na Mama akawa anatembea na sahani kati ya mataifa mawili.

Lakini kulikuwa na siri nyingine. Gita hilo halikununuliwa na kijana. Wenyeji wa nchi za chai wanajua kwamba mkulima mdogo hulipwa kidogo kidogo kila mwezi kwa kilo za majani mabichi alizopeleka kituoni, kisha mara moja kwa mwaka, yapata Oktoba, huja bonasi. Bonasi ndiyo karo, ndiyo mabati, ndiyo arusi. Mama ana namba yake mwenyewe ya kuuzia chai. Bonasi yake ya 2021 alimpa kijana, na Mzee akamwambia kwamba pesa ameziweka kwa dada yake ili wanunuliwe ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe huyo alikuwa bado “anatafutwa.” (Usiogope, msomaji, kwamba naivunja nyumba ya watu. Utaona.)

“Na mimi nafanya nini katika mambo hayo?” nikauliza.

“Wewe ni mgeni,” akasema rafiki yangu. “Mgeni akisema anataka kwenda mahali, Baba hawezi kumwacha aende peke yake. Ni aibu. Wewe sema tu unataka kuona tamasha.”

Yaani niliitwa kutoka Nairobi niwe chambo!

Tulipokelewa kwa mursik na kimyet, nikala hadi nikasahau jina langu. Kisha, kama nilivyofundishwa, nikasema, “Baba, nimesikia kuna tamasha uwanjani. Ningependa sana kuliona.” Mzee akanitazama kwa muda mrefu, akamtazama binti yake kwa muda mrefu zaidi, akachukua kofia na mwavuli. “Twende, binti yangu,” akasema. “Lakini mimi nitasimama nyuma.”

Uwanja ulikuwa wa shule. Jukwaa lilikuwa mgongo wa lori, pembeni jenereta inanguruma, mahema mawili ya wazee na wageni, na umati ambao ulinishangaza. Nilitazamia vijana watupu. Kumbe walikuwapo akina mama wenye watoto mgongoni, wanafunzi waliofunga shule, waendesha bodaboda juu ya pikipiki zao kama waliopanda jukwaa lao wenyewe, na vijana kadhaa ambao, kwa harufu, hawakuwa wametoka kwenye maombi.

Bendi ilikuwa ya watu watano. Mpiga ngoma alikuwa amefanya kazi ya kuchuma chai katika mashamba makubwa upande wa Kericho mpaka mashine zilipochukua nafasi ya mikono. Mtakumbuka Mei mwaka huohuo wa 2023 mashine kadhaa za kuchumia chai ziliteketezwa huko wakati wa maandamano. Yeye hakuchoma kitu, aliniambia baadaye. Alirudi nyumbani tu akawa anapiga madebe. Nilimwamini. Anavyopiga ngoma, inaonekana wazi kuna mashine fulani ambayo bado anaifikiria.

Sasa muziki wenyewe. Nitasema ukweli, maana ndio kazi niliyosomea. Nyimbo mbili za kwanza zilikuwa mbaya. Ziliimbwa kwa Kiingereza kilichovaa viatu vya Marekani, gita likafunika kila kitu, na mwimbaji akawa anafungua mdomo kama samaki. Mzee aliinama akaniambia sikioni, “Umesikia neno lolote?” Nikasema la. “Wimbo wa Mungu usiosikika maneno una tofauti gani na kinu cha posho?” akauliza.

Nilikuwa nimejiandaa kumtetea kijana, lakini hoja ya Mzee ilikuwa nzito, na haikuwa ya shetani hata kidogo. Ilikuwa hoja ya fundi. Uwanjani hakuna kuta za kurudisha sauti. Besi na ngoma husambaa kila upande zenyewe, lakini sauti ya mtu ni nyembamba na hufuata mahali spika inapoelekea. Spika za siku hiyo zilikuwa zimekalishwa chini kwenye nyasi, kwa hiyo safu ya kwanza ya watu ilimeza maneno yote na sisi wa nyuma tukabaki na ngurumo. Rafiki yangu, ambaye haogopi mtu, alipenya hadi kwa kijana wa mitambo na kumwambia gita lishushwe, sauti ipandishwe, na spika zipandishwe juu ya meza. Meza zikaletwa kutoka darasani.

Wimbo wa tatu ulikuwa wa Kikipsigis, kutoka kitabu cha nyimbo ambacho kila aliyelelewa kanisani huko anakijua kwa moyo. Walianza polepole, gita peke yake, halafu ngoma zikaingia kwa uzito wake wote. Na maneno yakasikika! Akina mama ndio waliokuwa wa kwanza kuinuka. Yule kijana wa gita alifumba macho, mguu uko juu ya kile kisanduku kilichomfukuzisha kanisani, na gita likalia kama mtu anayelia msibani, kwa kupanda na kushuka. Mimi si mtu wa kulia hadharani. Nilitazama mlima kidogo.

Mzee hakuimba. Lakini nilimwona akihesabu mapigo kwa ncha ya mwavuli.

Niseme jambo hapa kuhusu ile hoja kwamba gita si letu. Mwaka wa 1950 mtafiti mmoja aitwaye Hugh Tracey alifika Kapkatet, huko huko Ukipsigis, akiwa na mitambo ya kurekodia. Akakuta wasichana wanaimba kuhusu mtu waliyemwita Chemirocha. Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani wa gita aliyefariki mwaka wa 1933, ambaye sauti yake ilifika huku kwa sahani za santuri za wazungu. Wasichana wale hawakumwona kamwe, wakamfikiria kuwa kiumbe nusu mtu nusu paa, na wakamtungia wimbo wao. Rekodi hizo zilihifadhiwa Afrika Kusini kwa miongo mingi, na mwaka wa 2015 dunia ilisoma habari za nakala zake kurudishwa kijijini, mbele ya wazee walioimba wakiwa vijana. Kwa hivyo gita lina zaidi ya miaka sabini katika milima hii, na kilichofanywa tangu siku ya kwanza ni kulichukua na kulifanya la nyumbani. Bendi yetu ilipofanya hivyo iliweza. Ilipojaribu kuwa Wamarekani ilishindwa.

Na huko Marekani kwenyewe usidhani mambo yalikuwa shwari. Larry Norman, anayehesabiwa miongoni mwa waanzilishi wa roki ya Kikristo, alitoa albamu yake “Upon This Rock” mwaka wa 1969, na kelele za wahubiri dhidi ya muziki wa namna hiyo ziliendelea kwa miongo. Mhubiri wa televisheni Jimmy Swaggart aliandika kitabu kizima mwaka wa 1987 akiuita muziki huo mbwamwitu aliyevaa ngozi ya kondoo. Mwaka uliofuata alisimama mbele ya kamera akilia na kuomba msamaha kwa dhambi zake mwenyewe, ambazo hazikuhusiana na gita. Tena binamu yake wa damu alikuwa Jerry Lee Lewis, mmoja wa walioanzisha roki ya kidunia. Huwa najiuliza walizungumza nini siku za sikukuu.

Saa tisa ilipopita kidogo mvua ilianguka. Mwaka ule ulikuwa wa El Niño na kila mtu alijua itakuja, ila waandaaji walianza saa saba badala ya saa tatu asubuhi, eti wanamngoja mheshimiwa. Mheshimiwa alifika, akapewa kipaza sauti “asalimie watu,” akasalimia kwa dakika ishirini. Angekosa salamu hizo, tungemaliza tukiwa wakavu. Jenereta ikazimwa, turubai zikatupwa juu ya mitambo, jambo la busara kwa kuwa nyaya za umeme na nyasi zilizolowa si marafiki. Watu wakakimbilia chini ya mapaa ya madarasa, wengine wakaimba hapo hapo kwa makofi.

Nilijikuta nimebanwa ukutani kati ya Mzee na mama mmoja mwenye kikapu cha kuku. Hapo ndipo Mzee alipoanza kuzungumza, bila kuulizwa, akiitazama mvua.

Alisema baba yake alikuwa mpigaji wa chepkong, kile kinanda chetu cha nyuzi cha zamani. Kilining'inia juu ya meko na kilikuwa cheusi kwa moshi. Watu walimwita atumbuize kwenye pombe za kienyeji. Alipotaka kubatizwa aliambiwa aache pombe, aache na kinanda, maana viwili hivyo hutembea pamoja. Akaacha vyote viwili. Kinanda alimpa shemeji yake ambaye hakuwa ameokoka. “Mimi nilikuwa mtoto,” Mzee akasema. “Nilikuwa natumwa chumvi, napitia kwa mjomba, nasikiliza, nachelewa, nachapwa.”

Nikamwuliza kama baba yake aliwahi kukishika tena.

“Hapana. Lakini akilala, vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya blanketi.”

Sikuwa na la kusema. Mama wa kuku naye alinyamaza, na nadhani hata kuku.

Mvua ilipopungua bendi ilirudi kwa nyimbo nne zaidi. Mhubiri akahubiri kwa ufupi wa kupendeza, watu wakaenda mbele kuombewa, miongoni mwao wawili wa wale waliokuwa na harufu. Kama watadumu, hilo si langu kulipima. Lakini niliwauliza wawili watatu pembeni kama huenda kanisani Jumapili, wakaniambia hawajaingia tangu walipomaliza shule. Kwa nini leo? Mmoja akajibu kwamba hapa hakuna mlango, kwa hiyo hakuna anayekuangalia ukiingia.

Kwa mzazi anayetaka jibu langu, basi: lililonitia wasiwasi pale si muziki. Ni saa. Tamasha lililochelewa kuanza huchelewa kuisha, na nilipoona wasichana wa kidato cha pili wakipanda bodaboda watatu watatu gizani kwenye tope, nilitamani waliokuwa wakisema juu ya shetani wa gita wangesema juu ya hilo. Ulizeni linaanza saa ngapi, linaisha saa ngapi, na nani atarudi na nani. Na ikiwezekana nendeni nao, msimame nyuma na mwavuli. Wazazi wengi wanaulizia nyimbo ambazo hawajawahi kuzisikiliza hata moja.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, njia imekuwa utelezi. Kijana na mpiga ngoma walikuwa wamebeba spika moja kubwa, wanateleza nayo kama walevi. Mzee aliwatazama kwa hatua kadhaa, akampa binti yake mwavuli, akamwondoa mpiga ngoma kwa bega na kushika upande ule mwingine. Hakuna aliyesema kitu. Baba na mwana walitembea hivyo, spika katikati, hadi karibu na kituo cha kuuzia majani. Mama alikuwa nyuma yangu na nilimsikia akipumua.

“Hilo gita,” Mzee akasema ghafla, “lilinunuliwa pesa ngapi?”

Kijana akanyamaza. Mama akanyamaza. Rafiki yangu akaanza kuutengeneza mwavuli ambao haukuwa umeharibika.

“Nyinyi mnadhani sijui hesabu,” Mzee akaendelea. “Kilo za chai za boma hili ninaziandika tangu 1983, zangu na za mama yenu. Nilijua tangu Oktoba ile. Nilikuwa nangoja tu nione kama huyo ng'ombe atatoa maziwa.”

Mama alicheka mpaka akalazimika kuushika ua wa mtu.

“Na sasa, Baba?” rafiki yangu akauliza. “Ametoa?”

Mzee akabadilisha mkono, maana spika ilikuwa nzito.

“Kidogo,” akasema. “Lakini huyo wa ngoma apunguze.”